Enkoda Inajua Shafti Yake Tu

Asubuhi ile niliwasha mashine, na kabla skrini haijatulia namba ilikuwa imeshatokea: 412.637. Hiyo ndiyo nafasi ya mhimili wa wima kwa milimita. Hakuna kutafuta sifuri, hakuna kichwa cha mashine kutambaa kwenda kubisha swichi kisha kurudi kinyumenyume kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Enkoda ni kifaa kinachosoma shafti imegeuka kiasi gani, na ile ya absoluti, umeme ukiingia tu inakwambia ilipo. Nikabonyeza kitufe cha kupandisha kichwa hadi kituo cha juu, nikageuka kuchukua spana. Nyuma yangu ukapiga mshindo mmoja, alamu ikalia, kisha kimya.

Kichwa kilikuwa kimegonga stopa ya mpira ya juu kwa mwendo kamili. Skrini bado ilikuwa inadai zimebaki milimita 25 kufika.

Ilinichukua nusu saa kupata chanzo, na chanzo kilikuwa mikono yangu mwenyewe. Siku mbili nyuma kipande cha kazi kilikuwa kimekwama chini ya kichwa, na kila nikijaribu kukipandisha kwa mota, draivu (kifaa kinachoilisha mota umeme na kuiongoza) inalalamika mzigo umezidi. Tukaweka jeki chini ya kichwa, kwa sababu breki iko ndani ya mota na ukilegeza kaplingi bila kukizuia, kichwa kinashuka chenyewe juu ya vidole vyako. Nikalegeza kaplingi inayounganisha mota na parafujo, nikaizungusha parafujo kwa mkono kama mizunguko minne, kipande kikatoka. Nikakaza kaplingi, nikafuta mikono, nikaenda zangu. Parafujo ile hupandisha kichwa milimita 10 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko minne ni milimita 40. Enkoda iko nyuma ya mota, na mota haikuzunguka hata chembe.

Kwa hiyo ile 412.637 ilikuwa kweli tupu, ila kweli ya shafti ya mota. Betri haikufa, mawasiliano hayakukatika, hapakuwa na alamu yoyote yenye sababu ya kulia. Kichwa tu ndicho kilikuwa milimita 40 juu ya pale ambapo kila mtu, kontrola (kompyuta ya mashine) ikiwemo, aliamini kipo. Kikomo cha programu nacho kilikuwa kimelala usingizi wa pono, maana kinapima kwa namba ileile. Kati ya kituo cha juu na stopa palikuwa na nafasi ya milimita 15. Toa 15 kwenye 40, unabaki na 25: mahali pa kusimama palikuwa milimita 25 ndani ya chuma. Mwendo ulikuwa milimita 400 kwa sekunde, upunguzaji mita 5 kwa sekunde kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo kichwa kinahitaji milimita 16 tu kusimama. Maana yake kilifika kwenye stopa kabla hakijaanza kupunguza kasi.

Utauliza, swichi ya kikomo ya juu ilikuwa wapi? Haikuwepo. Ilikuwepo kwenye mchoro wa zamani, wakati mashine ina enkoda ya kuhesabu. Tulipobadilisha mota na kuweka absoluti, mtu akasema swichi za nini tena, zinajaa uchafu na nyaya zake zinakatika kila mara. Hoja ilisikika vizuri mezani. Sahihi iliyokubali zing'olewe ni yangu.

Tangu siku hiyo naitazama enkoda ya kuhesabu kwa heshima ambayo sikuwa nayo. Ile ya kuhesabu kila ukikata umeme inasahau kila kitu. Inatoa mapigo mawili yaliyopishana, A na B, pamoja na alama moja kwa kila mzunguko, na kazi ya kukumbuka ni ya kontrola. Ndiyo maana kila asubuhi mashine inalazimika kwenda taratibu kugusa swichi na kuanza upya. Tunaona ni usumbufu wa dakika mbili. Lakini ndani ya dakika mbili hizo mashine inafanyiwa kipimo: namba inalinganishwa na kitu kilichofungwa kwenye mwili wa mashine. Lau kama siku ile ningekuwa na enkoda ya kuhesabu, zile milimita 40 zingefutika zenyewe asubuhi na nisingejua hata kwamba zilikuwepo. Absoluti ilipotuondolea usumbufu ilituondolea na kipimo, na hakuna aliyekumbuka kukirudisha kwa njia nyingine.

Nieleze kidogo jinsi inavyofanya kazi, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Ndani ya enkoda absoluti ya mwanga kuna diski yenye michoro, na kila mahali kwenye duara pana msimbo wake pekee. Fikiria diski ya biti nne, yaani tarakimu nne za 0 au 1, yenye nafasi 16. Ukitumia namba za kawaida za mbili-mbili, kutoka 7 kwenda 8 ni kutoka 0111 kwenda 1000, yaani biti zote nne zinabadilika kwa pamoja. Visomaji vikipishana hata kidogo, kwa kitambo kifupi unaweza kusoma 1111, ambayo ni 15, nusu duara kutoka ulipo. Dawa yake ni msimbo wa Gray, uliopewa jina la Frank Gray wa Bell Labs, ambaye hataza yake ilitoka mwaka 1953. Kwenye msimbo huo kila hatua inabadilisha biti moja tu: 7 ni 0100, 8 ni 1100. Ukisoma katikati ya mpaka unapata ama namba ya nyuma ama ya mbele, basi.

Uzuri huo una mtego wake. Ukiiambia kontrola kwamba namba inayoingia ni ya kawaida kumbe ni ya Gray, shafti ikizunguka upande mmoja kontrola itaona 0, 1, 3, 2, 6, 7, 5, 4. Namba inapanda, inashuka, inaruka. Ukipima kwa kugusa sehemu mbili tatu tu unaweza kubahatika zikaonekana sawa. Mimi huzungusha shafti kwa mkono mzunguko mzima, polepole, draivu ikiwa imezimwa nguvu, huku nikitazama kama namba inakwenda upande mmoja bila kurudi nyuma. Inachosha. Imeshanionyesha makosa mawili ambayo vipimo vya haraka vilikuwa vimeyapitisha.

Kosa linalofanana na hilo ni idadi ya biti. Mawasiliano ya SSI kati ya enkoda na kontrola, yaliyotoka mwaka 1984 kwa kampuni ya Kijerumani ya Max Stegmann, ni mepesi kweli kweli: kontrola inapiga saa, enkoda inatoa biti moja kwa kila pigo. Wepesi huo umeyafanya yaishi hadi leo. Lakini enkoda haitangazi ina biti ngapi, wewe ndiye unaandika. Ukikosea kwa biti moja namba inakuwa nusu ya ukweli au mara mbili yake, mota inakwenda umbali mara mbili ya ulioagiza, na kila kitu kwenye skrini kinaonekana kimenyooka. Tena SSI ya kawaida haina hesabu ya ukaguzi ya kuonyesha kwamba biti imeharibika njiani. EnDat na BiSS, itifaki nyingine za enkoda, zinayo, inaitwa CRC, pamoja na biti za kusema enkoda yenyewe inajisikiaje. Kama unachagua leo na huna sababu ya kukufunga, chagua yenye CRC. Na ukishaichagua hakikisha draivu inafanya kitu CRC ikikataa. Nimewahi kukuta programu iliyokuwa inahesabu makosa ya CRC vizuri sana na kuyaandika kwenye kumbukumbu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifungua.

Sasa mizunguko mingi. Diski inajua upo wapi ndani ya mzunguko mmoja. Kujua ni mzunguko wa ngapi ni shughuli nyingine, na kuna njia tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni gia ndogo ndani ya enkoda, kama saa ya mkononi. Ya pili ni kihesabio kinachoendeshwa na betri ya lithiamu umeme ukizimwa. Ya tatu ndiyo inayonifurahisha: waya wa Wiegand, uliogunduliwa na John Wiegand, wenye ganda gumu na kiini laini kisumaku. Sumaku ikipita, waya unageuka ghafla kwa mpigo mmoja, na mpigo huo una nguvu ileile hata shafti ikizunguka polepole kama kobe. Umeme wa mpigo mmoja unatosha kuongeza namba moja kwenye kumbukumbu. Hakuna betri, hakuna gia.

Yenye betri ndiyo imejaa sokoni, na ndiyo inayowaliza watu. Betri inabadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Nitarudia kwa sababu silika ya fundi yeyote mwenye adabu ni kuzima kwanza: kwenye mifumo mingi, ukizima ndipo ukachomoa betri, kihesabio cha mizunguko kinapoteza kila kitu. Soma kitabu cha draivu yako, fungua sanduku kwa utaratibu wa usalama unaoruhusiwa kwako, lakini usifuate mazoea. Na betri ikitoa onyo la kwanza usiseme tutabadilisha wikendi. Wikendi ndipo mashine inazimwa.

Halafu kuna jambo moja ambalo naliona limeelezwa kidogo mno, nalo lilinikosesha usingizi wiki tatu.

Tulikuwa na meza ya kuzunguka, mota ikiwa na enkoda ya mizunguko 4,096, kisha giaboksi ya moja kwa saba: mota ikizunguka mara saba, meza inazunguka mara moja. Meza inakwenda upande mmoja siku nzima, hairudi. Kwa siku kadhaa ilifanya kazi vizuri. Asubuhi moja ikawashwa, ikasema ipo sifuri, na kwa macho kabisa ilikuwa imepinda. Tukaweka sifuri upya. Baada ya siku chache tena. Tukashuku kaplingi, tukashuku breki, tukabadilisha kebo, mtu akashuku hata fundi wa zamu ya usiku. Kilichotusumbua zaidi ni kwamba kosa halikuwa na kipimo kimoja. Leo digrii 51, keshokutwa 103, na mara moja, naapa, tulisubiri kosa lisitokee na kweli halikutokea.

Hesabu ilitoka siku nilipochukua karatasi. Enkoda inahesabu hadi 4,096 kisha inarudi sifuri. Gawanya 4,096 kwa 7: unapata 585 na baki ya 1. Yaani enkoda inapomaliza namba zake na kuanza upya, meza imezunguka mara 585 na bado ina moja ya saba ya mzunguko mbele, ambayo ni digrii 51.43. Umeme ukiwa umewaka kontrola inaona namba ikirudi sifuri na kuelewa, inaendelea na hesabu yake kichwani. Ukizima, kontrola inasahau kwamba enkoda ilishajaa mara moja. Ikiwaka inachukua namba ya enkoda, inagawanya kwa saba, na kusema uongo wa digrii 51.43. Enkoda ikijaa mara mbili kabla ya kuzima, uongo ni digrii 102.86. Ikijaa mara saba, kosa linazunguka digrii 360 nzima na kutoweka. Hapo ndipo nilipoielewa ile asubuhi ya muujiza.

Meza ile ilikuwa inazunguka mara moja kwa kila sekunde 10. Mizunguko 585 ni dakika 97 na nusu. Enkoda yetu ya "mizunguko elfu nne", iliyosikika kama bahari isiyo na mwisho, ilikuwa inajaa kila baada ya saa moja na nusu ya kazi. Giaboksi ingekuwa ya moja kwa nane usingesoma aya hizi, kwa sababu 4,096 gawanya kwa 8 ni 512 bila baki. Dawa yenyewe si ngumu: kontrola itunze kwenye kumbukumbu isiyofutika ni mara ngapi enkoda imejaa, na umeme ukirudi ilinganishe. Draivu nyingi zina mpangilio wa jambo hilo tayari, ukijua la kutafuta. Ila hata hapo kuna mpaka wake: mashine ikiwa imezimwa shafti isisogezwe zaidi ya nusu ya uwezo wa enkoda, maana zaidi ya hapo kontrola haiwezi kujua ilikwenda mbele au ilirudi nyuma.

Kuhusu wingi wa biti nitapita haraka. Biti 20 ni sehemu 1,048,576 kwa mzunguko, kila moja kama sekunde moja na robo ya pembe (digrii moja ina sekunde 3,600). Hiyo ni idadi ya mistari kwenye rula. Haisemi kama rula imenyooka. Makosa ya diski kukaa pembeni kidogo na ya kaplingi yanaweza kuwa makumi ya sekunde, na giaboksi yenye mchezo, yaani uwazi kati ya meno ya gia, inakula yote hayo kwa mkupuo mmoja.

Kwenye sevomota zenye sumaku za kudumu enkoda ina kazi ya pili ambayo watu huisahau: ndiyo inayoiambia draivu rota, sehemu ya mota inayozunguka, imeelekea wapi, ili umeme uingie kwenye koili inayostahili. Ukifungua enkoda nyuma ya mota na kuirudisha ikiwa imegeuka kidogo, umeharibu pembe hiyo. Mota ya ncha nane ina jozi nne, kwa hiyo digrii 22.5 za shafti ni digrii 90 za umeme, na hapo mota haina nguvu kabisa hata ukiimiminia umeme wote. Digrii 15 tu za shafti zinakunyang'anya nusu ya nguvu, mota inachemka na watu wanalaumu mzigo. Ukipita 22.5 nguvu inageuka upande. Draivu inasukuma mbele, mota inakwenda nyuma, draivu inaona kosa limekua inasukuma zaidi. Nimeona mota iliyokuwa juu ya benchi, haijafungwa, ikiruka kutoka mezani kwa namna hiyo. Tangu hapo mota yoyote niliyogusa enkoda yake inafungwa kwenye vaisi na kuendeshwa kwanza bila mzigo, umeme ukiwa umewekewa kikomo cha chini.

Kosa baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni namba iliyoganda. Kebo ikikatika draivu inajua. Namba ikiruka ovyo draivu inajua. Lakini kuna hitilafu ambapo namba ya mwisho inaendelea kurudiwa, safi kabisa, kana kwamba mhimili umetulia. Kama enkoda hiyo iko upande wa mzigo na mota ina ya kwake, agizo la kusogea likitoka kontrola inaona mzigo hausogei, inaongeza mwendo wa mota, na mzigo kwa kweli unakimbia. Kinachokuokoa ni kikomo cha tofauti kati ya agizo na namba inayosomwa. Tuseme umekiweka milimita 5 na agizo linakwenda milimita 500 kwa sekunde: tofauti inafika milimita 5 baada ya milisekunde 10. Halafu kuna kusimama kwenyewe, ambako kwa upunguzaji wa mita 5 kwa sekunde kwa sekunde ni milimita 25 nyingine. Mimi nimekuta mashine ambazo kikomo hicho kimewekwa milimita 200, kwa sababu kilikuwa "kinasumbua". Kwenye mhimili wa wima uliosimama ni hatari ya kimya zaidi: agizo halibadiliki, namba haibadiliki, tofauti ni sifuri, na mzigo unashuka taratibu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Itifaki zenye namba ya mfululizo, inayobadilika kila ujumbe mpya, zinaziba tundu hilo.

Hapo ndipo swali la usalama wa watu linapoingia, na hapo lazima tuwe wakali. Enkoda absoluti ya kawaida haiwi kifaa cha usalama kwa sababu tu ni ya bei kubwa na ina biti nyingi. Ina njia moja ya kusoma. Njia hiyo ikidanganya hakuna wa pili wa kubisha. Mtu akitaka kuingiza mkono chini ya mhimili kwa kutegemea kwamba mashine "inajua" ipo juu, hiyo ni kazi ya usalama, inayopimwa kwa viwango vya kimataifa vya ISO 13849-1 au IEC 61508, na kazi zenyewe za draivu zimeelezwa kwenye IEC 61800-5-2. Enkoda za usalama zina kiwango chao, IEC 61800-5-3 cha mwaka 2021. Ndani yake utakuta njia mbili zinazosoma kila moja kivyake na kulinganishwa, au mawimbi ya sini na kosini ambayo draivu inayakagua kwa ile hesabu ya shuleni: sini kipeo cha pili jumlisha kosini kipeo cha pili lazima iwe moja. Mwanga ukififia au njia moja ikifa jumla hiyo inavunjika papo hapo.

Ila hata enkoda ya usalama yenye njia mbili ina shafti moja. Kaplingi ikiteleza njia zote mbili zinakubaliana kwa furaha juu ya namba isiyo ya mashine. Ndiyo maana watengenezaji wake wanadai ufungaji wa aina maalumu, kaplingi yenye ufunguo au iliyozidishiwa nguvu, bolti zikazwe kwa kipimo walichoandika, na gundi ya nyuzi pale walipoitaja. Fundi akikaza "kwa kuhisi" cheti chote kimebaki karatasi.

Na STO, ile kazi ya kukata nguvu ya mota kwa usalama, haishikilii kitu. Inahakikisha tu mota haisukumi. Mhimili wa wima ukikatiwa nguvu bila breki unaanguka, na breki ya zamani iliyolowa mafuta ni mapambo. Breki ipimwe: ifunge, mota isukume kwa nguvu inayojulikana, enkoda iangalie kama kuna kilichosogea. Hapa absoluti inafanya kazi nzuri sana, nitaisifu.

Baada ya ajali ile mtu wa kwanza niliyemweleza, mzee mmoja aliyenifundisha kazi, alisikiliza hadi mwisho akauliza swali moja tu: "Na ungeweka programu ya kukumbuka namba ya jana, ingekusaidia?" Nikasema ndiyo. Akanitazama. Kisha nikajisikia joto la uso, kwa sababu jibu ni hapana. Kulinganisha namba ya kuzima na ya kuwasha kunakamata betri iliyokufa, enkoda iliyobadilishwa, breki iliyoachia, enkoda iliyojaa. Ni kipimo kizuri, nimekiweka kwenye kila mashine yangu, tofauti ikizidi kiasi nilichokiweka mashine inakataa mwendo wa kasi hadi mtu athibitishe. Lakini shafti ya mota yangu haikusogea. Namba ya kuzima na ya kuwasha zilikuwa pacha. Kilichohitajika ni shahidi asiyepitia kwenye kaplingi ile.

Shahidi wangu sasa ni sensa moja ndogo ya ukaribu iliyofungwa kwenye nguzo ya mashine, na kipande cha chuma kwenye kichwa. Kila baada ya kuwasha, safari ya kwanza ni ya polepole, milimita 20 kwa sekunde, kupita mbele ya sensa. Kontrola inasoma namba ya enkoda pale sensa inapobadilika na kuilinganisha na iliyoandikwa siku ya kufunga. Inachukua sekunde chache. Hakuna kuweka sifuri upya hapo, na hili nalisisitiza kwa wenzangu: sensa inauliza, hairekebishi. Ukiiruhusu irekebishe yenyewe utakuwa unafuta ushahidi kila asubuhi. Swichi za kikomo zimerudi pia, juu na chini, zimeunganishwa kukata mwendo bila kupitia programu. Na kila kaplingi ina mstari wa rangi nyeupe uliopita juu ya shafti, kaplingi na shafti ya pili kwa mkupuo mmoja. Kwenye kadi ya kazi kuna sanduku la kuweka alama: kaplingi imelegezwa, ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, sifuri inathibitishwa na watu wawili kabla ya mwendo wa kasi.

Wiki iliyopita kijana wa zamu aliniita. Mashine ilikuwa imekataa. Namba ya enkoda kwenye sensa ilipaswa kuwa 350.00, ikasoma 349.58. Alikuwa ameshaandaa kidole kwenye kitufe cha kuthibitisha, akaniuliza kama sehemu nne za kumi za milimita ni kitu. Tulifunga umeme, tukaweka jeki, tukafungua kifuniko. Mstari mweupe kwenye kaplingi ulikuwa umekatika, upana kama wa kucha kati ya upande na upande, na bolti moja kati ya mbili niliigeuza kwa vidole.